Dirisha la Subilaga

Kinga ya leo haizuii mvua ya leo. Mmeisikia asubuhi kwenye kikao, mjomba wenu Gwamaka alipomwambia bwana harusi anayetaka kuanza kutafuta ukumbi juma lile lile la harusi, na nyote mkacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa heshima ya kikao. Sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Endeleeni kupukuchua maharage, masikio hayana kazi, nami nitawaambia. Msemo huu hatukuachiwa na wahenga, hata kama mjomba wenu huutamka kwa sauti ya wahenga. Ulizaliwa mimi nikiwepo, na mikono yangu hii ina sehemu yake ndani. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Siku hizo nilikuwa na kibanda cha mapambo ya magari karibu na stendi ya Tukuyu. Niliuza mazulia ya gari, makava ya viti na manukato ya kuning'iniza, na nilibandika kinga za mvua. Mwanamke fundi wa magari alikuwa kioja. Wanaume walikuja kwanza kutazama, kisha wakaja kubandikiwa. Kinga zenyewe mnazijua: vipande virefu vya plastiki nyeusi vinavyokaa juu ya dirisha la gari kama upenu juu ya mlango. Ukiwa nazo unaweza kushusha kioo vidole viwili mvua ikinyesha, hewa ikaingia na maji yakabaki nje. Na mji wetu mnaujua, una miezi kumi ya mvua, na miwili iliyobaki ni ya ukungu.

Kuzibandika si kazi ngumu, ila ina masharti. Unafuta fremu ya mlango kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Unaipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, ambayo mimi nilikuwa nikiiazima saluni ya jirani. Unabandua karatasi kwenye utepe wa gundi ulio mgongoni mwa kinga, unaiweka mara moja bila kurudia, kisha unaikandamiza kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, taratibu. Halafu unangoja. Siku nzima, jua hadi jua, gari lisiguswe na maji wala kioo kisishushwe, mpaka gundi ishike. Sharti hilo la mwisho ndilo watu walilolichukia. Wenye magari wa hapa hukumbuka kinga wakiwa wameshalowa. Wanafika mbio, wanataka wabandikiwe waondoke. Mimi nilikuwa nawafukuza bila haya, nikawaambia warudi siku watakapokuwa na siku.

Basi nilikuwa na rafiki yangu, jina lake Subilaga, mjane wa Itulilo, kijiji cha migombani ng'ambo ya mto. Tuliimba pamoja kwaya, yeye sauti ya kwanza, mpaka kifua kilipoharibika. Alikuwa na pumu. Mwanawe wa pekee, Anangisye, alikuwa na gari la kijivu la familia, refu, lenye safu tatu za viti, na kila mwezi alimpeleka mama yake kliniki Mbeya. Sitaki mumwone mtu mbaya. Alimpeleka kila mwezi bila kukosa, alimtafutia dawa, alimshika mkono akishuka. Kosa lake lilikuwa moja, na kwa macho lilikuwa dogo. Alivipenda viti vyake.

Mvua ikinyesha, na ilinyesha karibu kila safari, Anangisye alifunga madirisha yote kwa swichi zilizo mlangoni kwake, maji yasije yakalowesha kitambaa. Subilaga alikaa nyuma ya dereva. Aliomba aachiwe upenyo, vidole viwili tu, kwa sababu kifua chake hakikuvumilia gari lililofungwa. Mwanawe alimwambia avumilie kidogo, wanakaribia. Kutoka Mbeya mpaka hapa si karibu, mnajua. Basi yeye alijifunika mdomo kwa kanga akakohoa polepole, kwa adabu, asimsumbue mwanawe anayeendesha. Haya aliniambia mwenyewe, na hakuniambia kwa kulalamika. Aliniambia akicheka.

Siku moja alikuja kibandani akachagua kinga za gari la mwanawe. Alizishika moja moja, akazipima kwa mkono, akaniambia nimwekee, Anangisye atakuja juma lijalo. Niliziweka chini ya meza. Juma lile lijalo lilichukua miaka miwili. Kila nilipomwona kijana akipita nilimpigia kelele, naye alinijibu kwa upole kwamba anakumbuka, ila hajapata siku ya kulilaza gari. Hakuwa na siku moja. Ndivyo tulivyo, tuna miaka lakini hatuna siku.

Sasa kuna desturi ya Itulilo ambayo lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Sisemi Wanyakyusa wote, nasema Itulilo, zile nyumba za juu ya mto. Kwao, mtu akifia mbali, mwili huletwa, lakini mwenyewe hasafiri ndani ya jeneza. Anakaa kwenye kiti chake. Zamani, walipobeba watu kwa machela, waliacha shuka wazi upande wa kichwa. Magari yalipokuja wakalipa dirisha kazi ile. Kiti kimoja huachwa kitupu, kikatandikwa kanga yake, na kioo cha hapo hushushwa vidole viwili tangu hospitali mpaka kaburini. Wazee wa kule husema mlango ni wa wenye miguu, marehemu hupita penye upepo. Ndugu wa karibu hukaa nyuma ya kiti hicho, na kwenye kila daraja na kila njia panda humwita kwa jina lake na kumwambia walipofika, asipotee. Kioo kikifungwa, yeye hutoka. Na akitoka njiani, hasa kwenye ukungu, hakuna anayejua kumrudisha.

Subilaga alifariki hospitalini Mbeya siku ya Jumanne. Jumatano saa moja asubuhi Anangisye alikuwa mlangoni kwangu, macho mekundu, akaniomba zile kinga.

Jua lilikuwa limetoka. Kwa Tukuyu hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi. Nilizitoa kinga chini ya meza, nikazifuta vumbi, nikamwambia ninachowaambia wote.

"Mwanangu, gundi hii inataka siku nzima. Mkiondoka leo, haitashika."

"Mama mdogo Bupe atamwita njiani," akasema, "na dirisha lazima liwe wazi. Mvua ikitukuta nitafanyaje?"

"Acha iingie."

"Imloweshe mama?"

Hapo nikashindwa. Jibu nililompa mwanzo ndilo lililokuwa sahihi, acha iingie, lakini nilipomtazama usoni nikalimeza. Alikuwa anataka kumfanyia mama yake jambo moja sawasawa, nami nilikuwa na huruma, na nilikuwa nalia pia, kwa hiyo akili yangu haikuwa ya fundi. Nikaenda kuazima mashine ya saluni. Nilifuta fremu zote nne mara tatu. Nilikandamiza kinga ya dirisha la nyuma ya dereva mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nilijiambia kwamba jua lile lingedumu. Mtu aliyeishi Tukuyu maisha yake yote akajiambia hivyo.

Tulikwenda watatu: Anangisye akiendesha, mimi mbele kando yake, na Bupe, mdogo wake marehemu, nyuma. Bupe alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, kazi yake kuuza ndizi za kupika gulioni, na sikumbuki kama nimewahi kumwona akitishika. Hospitali walitukabidhi mwili mchana. Jeneza lililazwa upande wa kushoto, viti vya huko vikiwa vimekunjwa. Upande wa kulia, nyuma ya dereva, tulitandika kanga ya Subilaga juu ya kiti kitupu. Bupe akakaa nyuma ya kiti hicho. Anangisye akashusha kioo vidole viwili, akashuka garini kupima kwa vidole vyake mwenyewe, akarudi. Mwili wa Subilaga ulikuwa kushoto, na yeye mwenyewe kulia.

"Subilaga," Bupe akamwita, kwa sauti ya kumwamsha mtu aliyesinzia, "tunaondoka. Twende nyumbani."

Tulipoingia Uyole mvua ikaanza. Manyunyu tu. Niligeuka kutazama kinga, nikaona maji yakitiririka juu yake na kudondokea nje, kama ilivyopasa. Anangisye alinitazama, akatikisa kichwa kwa shukrani. Nilijisikia vizuri. Nawaambia ukweli, nilijivuna.

Tukaanza kupanda kuelekea Isongole. Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini ukungu ulishuka mzito hata magari yaliyotoka mbele yalikuwa taa mbili tu zinazoelea. Vioo vyetu vikaanza kuziba mvuke. Hilo si ajabu, watu watatu wakipumua ndani ya gari kwenye baridi, vioo huziba. Anangisye akawasha feni, vioo vikasafika vyote. Kasoro kimoja.

Nilikiona kwanza mimi, kwa sababu ya mazoea ya kazi. Kwenye kioo cha kiti kitupu, chini kidogo ya ule upenyo, palikuwa na doa la mvuke, duara, ukubwa wa kisosi. Lilikuwa mahali ambapo mtu mzima aliyekaa angekuwa na mdomo wake. Lilififia, likakaribia kuisha, kisha likajaa tena. Likafifia. Likajaa. Nimeshughulika na vioo vya magari miaka thelathini, najua mvuke unaotokana na baridi na najua unaotokana na feni mbovu. Ule ulikuwa wa pumzi. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba ulikwenda taratibu, bila kukwama. Subilaga hakuwahi kupumua hivyo ndani ya gari lile akiwa hai.

Nikamtazama Bupe. Naye alikuwa amekwisha kuliona.

"Yupo," akasema, basi. Akakunja mikono.

Anangisye akainua macho kwenye kioo chake cha kutazamia nyuma. Sijui alichokiona kutoka pale alipokaa, lakini machozi yalimtoka, na alikuwa anatabasamu. Kwa muda tuliendelea hivyo, sisi watatu na yule wa nne, mvua nje na amani ndani. Nilikuwa na hofu, wajukuu zangu. Lakini haikuwa hofu ya kutaka kukimbia.

Kisha mvua ikafunguka. Ile ya Isongole mnaijua, haidondoki, inamwagwa. Upepo ukaja ubavuni, na juu ya dirisha la Subilaga nikasikia kitu kikigonga, tiki, tiki, tiki, haraka haraka. Sikuhitaji kugeuka kujua. Ncha ya kinga ilikuwa imeachia, upepo unaipigapiga kwenye bati. Gundi ya asubuhi. Nilifungua mdomo nimwambie Anangisye asimamishe gari tuishike kwa mikono, nikiwa tayari kuishikilia mwenyewe mpaka Tukuyu. Kabla sijasema neno, ncha ile ikainuka, na maji yakaingia kwa ule upenyo, mengi, yakamwagikia kiti, kanga na sakafu.

Na Anangisye akafunga kioo.

Hakufikiri. Naweza kuapa hata leo. Macho yake yalikuwa barabarani, kwenye kona, na mkono wake wa kulia ukaenda mlangoni wenyewe, kwenye swichi ya nyuma, ukaivuta. Mkono ulizoea. Miaka mingapi ulikuwa umefanya hivyo, maji yakigusa viti tu, unafunga. Kioo kikapanda, kikagota juu, na sauti ya mvua ikapungua. Kinga ikang'oka yote, ikapita dirishani kama kunguru, ikapotea nyuma yetu.

"Umefunga," Bupe akasema.

"Maji yanaingia, mama mdogo."

"Yanaingia juu ya nani?"

Anangisye aliushusha mkono tena kwenye swichi, kioo kikashuka, chote safari hii, na mvua ikaingia kwa nguvu mpaka ikanipiga mimi mgongoni. Tulikuwa tumepita kona moja tu. Sote tukageuka kutazama kile kioo, lakini kioo kilikuwa kimeshuka, hapakuwa na pa kutazama. Bupe akamwambia akipandishe, ubaki upenyo ule ule. Akakipandisha. Tukangoja. Kioo kilikuwa kikavu kwa ndani, kisafi, hakina doa la mvuke, unaona ukungu wa nje vizuri kabisa.

Anangisye akasimamisha gari kando ya barabara na kuzima injini. Ndipo tukasikia kikohozi.

Kilitoka nyuma ya gari, barabarani, kwenye ule ukungu. Kikohozi kidogo, cha mtu aliyejifunika mdomo asisumbue wengine. Mara mbili, kikanyamaza. Mara mbili tena. Nilikijua. Nilikaa nacho kwaya miaka saba, nilikijua kama ninavyojua sauti ya mlango wangu.

Anangisye alifungua mlango akatoka, bila koti, bila kitu. Bupe akamwita, hakusikia. Tukamwona akirudi nyuma kwa miguu, hatua ishirini, ukungu ukamficha, tukabaki tunamsikia tu. Alikuwa akiita, "Mama, njoo, dirisha liko wazi. Mama, liko wazi." Kisha kikohozi kilijibu, mbali kidogo kuliko mwanzo. Naye alikwenda, akaita, na kikohozi kikawa kona ya pili. Sauti zote mbili ziliendelea kupungua. Bupe alishuka akasimama kwenye mvua, akaita kwa nguvu zake zote, na aliyemwita hakuwa Subilaga.

"Anangisye! Rudi. Aliyefungiwa hafuatwi, utapotea naye."

Alirudi baada ya muda mrefu. Alikuwa ameloa mpaka maji yanamtoka viatuni, na alikaa kwenye kiti chake kile kizuri bila hata kukitazama. Akawasha gari. Kwenye daraja la Kiwira Bupe aliita, "Subilaga, tunavuka Kiwira," na kwenye njia panda ya Itulilo akaita tena, kwa sababu kazi lazima ifanywe. Lakini aliita kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoshuhudia wenyewe wakihama. Kioo kilibaki kikavu njia nzima.

Itulilo walikuwa wamejaa uwanjani chini ya maturubai. Vilio vilianza gari lilipoonekana, kisha vikakoma, kwa maana kule kuna swali lazima liulizwe kabla jeneza halijashuka. Aliyeuliza alikuwa Mzee Mwaisaka, kaka wa marehemu mumewe Subilaga, mkubwa wa ukoo. Alikuja na fimbo yake mpaka dirishani, akamtazama Bupe, kwani anayeita njiani ndiye anayejibu.

"Mmekuja na nani?"

Jibu lake ni rahisi. Unataja jina la marehemu, vilio vinaendelea, watu wanabeba. Bupe angeweza kulitaja. Watu mia mbili walikuwa wamesimama kwenye matope, kaburi limechimbwa pembeni ya la mumewe, mchungaji anangoja. Nani angejua? Mimi nilimwomba kimoyomoyo alitaje.

"Tumekuja na jeneza," akasema Bupe.

Mvua ilikuwa imekatika, tulisikia maji yakidondoka kwenye migomba. Halafu Anangisye akatoka garini, akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa, akaanza kusema. Alisema kila kitu, kona, swichi, kikohozi. Hakujificha hata kidogo. Na mwisho akasema lile lililokuwa likimwuma kuliko yote.

"Baba mkubwa, nilibandika kinga. Leo asubuhi, zote nne. Fundi yule pale, mwulizeni."

Mzee Mwaisaka alinitazama. Nikainamisha kichwa. Akalizunguka gari polepole, alipofika kwenye dirisha la mbele upande wangu akaishika kinga iliyobaki pale kwa vidole viwili, bila nguvu yoyote, na ikatoka ikabaki mkononi mwake. Aliigeuza akaitazama ile gundi iliyolowa. Alikuwa mkulima wa chai, hakuwahi kuwa na gari maisha yake yote. Akaiweka mbele ya Anangisye pale chini, taratibu, kama unavyomrudishia mtu kitu chake.

"Mwanangu," akasema, "kinga ya leo haizuii mvua ya leo."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Kisha akawageukia vijana, akawaambia wabebe jeneza, wazike kilichokuja.

Tulizika. Tuliimba nyimbo zote alizozipenda, na sauti ya kwanza haikutoka sawasawa. Baadaye Anangisye aliniletea gari, akaliacha kibandani kwangu siku tatu kamili, kiangazi kile kidogo tunachopewa. Nilibandika kinga mpya na hazikung'oka mpaka gari lilipochakaa. Akaanza kwenda Isongole. Kila mvua kubwa ikinyesha alipanda kule peke yake, kanga kwenye kiti, kioo vidole viwili, akaendesha kwenda na kurudi kwenye ile kona akiita. Siku moja aliniomba niende naye nimsaidie kutazama. Nilikaa mbele nikageuka, nikatazama kile kioo kutoka kona ya kwanza mpaka ya mwisho, mvua ikipiga na kinga ikifanya kazi yake bila tone kuingia. Aliniuliza naona nini. Nilitamani kudanganya. Nikamwambia ni kikavu, mwanangu, akasema asante, akageuza gari turudi.

Msemo ule ulishuka mlimani na waombolezaji, ukaingia sokoni, ukaingia shuleni. Siku hizi mnawaambia wanaosoma usiku wa kuamkia mtihani, na wanaume wanaonunua kitenge siku ambayo mke ameshafunga mizigo. Sawa, utumieni, una nafasi kote huko, na kucheka si dhambi. Ila mimi sicheki mpaka mwisho. Mnafikiri ulisemwa kwa ajili ya Anangisye peke yake. Kinga zile zilikaa chini ya meza yangu miaka miwili, na gari lake lililala nje ya nyumba yake, mlango wa tatu kutoka kwangu, kila Jumapili mchana kutwa tukiwa kanisani. Ningeweza kwenda na kitambaa changu na spiriti nikazibandika bila kumwuliza mtu, Subilaga akapumua. Nilingoja mwenye gari aje. Kisha asubuhi moja yenye jua nikafanya haraka yote ya duniani. Kinga ya leo, wajukuu zangu, haizuii mvua ya leo.